Mlango wa Mukwe Wangu

Nyumba imeisha, Ngoie! Imeezekwa, imepakwa chokaa, ina vioo madirishani, na mume wako anasema hataweka mguu ndani yake!

Sasa nikusalimu. Jambo, mwanangu mpendwa. Jambo kwa watoto wote, na jambo mara mbili kwa majina yangu, mtoto wako mkubwa mliyempa jina langu. Naambiwa anasoma vizuri kupita wavulana wa darasa lake, na sikushangaa, damu ni damu. Sisi huku Lubudi tuko wazima. Ila mimi nina hasira. Baba yako anasema ninywe maji nitulie. Nimekunywa. Sijatulia.

Barua hii sikuifunga, na bahasha sikununua. Kila atakayeibeba kwenye treni, toka hapa hadi Kamina, toka Kamina hadi huko kwenu Mwene-Ditu, aisome akitaka. Maneno yaliyomfikia mumeo Mukendi yalisafiri wazi katika kinywa cha mwuza samaki, basi na jibu langu lisafiri wazi. Ukimaliza kuisoma peke yako, msomee yeye kwa sauti. Najua atatoka nje ajifanye anatengeneza baiskeli. Soma kwa nguvu.

Unakumbuka nyumba yetu ya kampuni, kule Dilala, Kolwezi? Vyumba viwili na saloni, na saloni yenyewe mtu akifungua mlango lazima mwingine asimame na kiti chake. Mlango mmoja tu wa kuingilia. Nani aliyewachorea wazungu nyumba ya namna ile sijui, lakini hakuwa na mukwe. Mukendi alipokuoa, kila akija kutusalimu ilikuwa kazi. Mila unaijua: mkwe wa kiume hamtazami mama mukwe usoni, hampi mkono, hali mbele yake, na kitanda cha mama huyo ni kitu ambacho jicho lake halipaswi kukiona hata kwa bahati mbaya. Sasa katika nyumba ile ningejificha wapi? Noeli ile ya kwanza niliingia jikoni alipobisha hodi, nikakaa humo na moshi wangu hadi alipoaga. Ugali wa bukari na majani ya sombe nilivipitisha kwenye kidirisha, mkono tu unaonekana, kama mfungwa. Wewe ukaja kunicheka.

"Mama, Mukendi anauliza kama mama mukwe yake iko mikono tu, kichwa hana."

"Mwambie kichwa kipo, kinapikwa na moshi."

Tulicheka mpaka bukari ikaungua chini. Baadaye, alipokwisha kwenda, ulichukua kipande cha makaa ukachora kwenye simenti ya uani nyumba utakayonijengea. Ulichora ndefu, ukaniuliza jiko nilitaka wapi. Nikasema popote, mradi kuwe na mahali Mukendi atapita bila mimi kukimbia. Ulikuwa na diploma yako ya serikali, msichana wa kwanza wa barabara yetu kuipata, na mimi nilikuwa nawaambia watu sokoni bila wao kuniuliza.

Halafu ikaja siku ile.

Sitaandika mengi, maana ulikuwapo. Lakini majina yangu alikuwa mgongoni mwako, hajui kitu, na ninataka asikie. Mjukuu wangu, baba yako alizaliwa Dilala, katika hospitali ya wazazi ile ile alimozaliwa mama yako. Alikuwa karani, na kalamu yake haikumdhulumu mtu. Lakini babu yake aliletwa toka Kasai kuchimba shaba, basi siku moja vijana wakaanza kupita barabarani wakipiga sufuria, wakiita watu wenye asili ya Kasai wadudu, wakisema warudi kwao. Kwao wapi? Mukendi alikuwa hajawahi kuiona Kasai hata kwenye picha.

Ilikuwa mchana, jua la kichwa. Alikuja akikimbia kupitia uani, kiatu kimoja. Wewe ulikuwa mlangoni na mtoto. Nyuma yake tunasikia sufuria. Nami sikuwaza. Nilimshika shati, nikamvuta hadi chumbani kwangu, nikamsukuma chini ya kitanda changu, kitanda changu na baba yako, nikajilaza juu na kuvuta shuka kama mgonjwa.

Wakaingia. Mmoja nilimjua, mama yake alikuwa akiimba nami kanisani.

"Mama, tunatafuta mukwe yako. Bantu balimuona anaingia humu."

"Angalieni saloni. Angalieni jiko. Angalieni na ndani ya chungu, pengine nimemupika."

Akashika pazia la chumba changu. Moyo wangu, Ngoie, nilidhani Mukendi anausikia ukigonga kupitia godoro. Na mwenzake ndiye aliyemvuta nyuma.

"Weye uko bure! Mukwe ataingia mu chumba ya mama mukwe? Ulisha kuona wapi? Toka!" Halafu akanigeukia na kichwa chini. "Pardon, mama."

Waliniomba msamaha, watoto wale, wenye adabu kabisa, kisha wakaenda kuvunja mlango wa jirani.

Mukendi alipotoka chini ya kitanda, vumbi kichwani, alitazama ukuta. Akasema, "Mama, mi nimekufa." Nikamwambia, "Hapana. We uko muzima, njo sababu unasema." Hakucheka. Alitoka bila kugeuza shingo, na tangu dakika ile hadi leo sijasikia sauti yake.

Mkakaa gare, pale stesheni, ninyi na maelfu ya watu, chini ya mabati na maturubai, mkingoja treni. Kila siku nilileta chakula, na kila siku aliponiona nakuja, alinipa mgongo. Nilisema moyoni anaona haya. Mwanamume amelala chini ya kitanda cha mama mukwe wake, atauweka wapi uso? Treni ya Kasai ikaja, mkapanda behewa lisilo na paa, wewe na cherehani yako na mtoto. Ukaniita toka juu: "Mama, rudia nyumba, jua ni kali!" Kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na safari.

Baada yenu mji uliishiwa nguvu. Kampuni ilianza kumlipa baba yako nusu, halafu robo, halafu maneno. Mitambo ilinyamaza. Wakati baba yako alipoanza kuamka alfajiri, kuvaa nguo za kazi, na kukaa tu kwenye ngazi hadi jioni, nikamwambia, twende. Tukaja Lubudi, kwenye udongo wa ukoo wake. Watu wakauliza kwa nini hapa, mbali na soko. Sikuwajibu. Wewe nakujibu: kwa sababu treni ya kwenu inapita hapa kabla ya kufika kule tulikotoka. Mtu wa Mwene-Ditu anaweza kushuka Lubudi, akala, akalala, na hata moshi wa Kolwezi asiuone.

Basi, shuka gare. Nifuate, nikuonyeshe nyumba, maana umeambiwa na mtu asiye na macho.

Toka gare unafuata barabara, na huwezi kupotea, maana ukipita miti ya mikaratusi unaiona inang'aa. Ndefu! Watu wa hapa wanasema tumelaza behewa shambani. Haina ghorofa. Fundi Kapenda, mwashi wetu, aliniuliza kama nataka ngazi, siku hizi wenye uwezo wanajenga ngazi. Nikamwambia nimekwisha kupandisha watu treni vya kutosha, nataka nyumba ambayo mtu anaingia tu. Matofali tuliyachoma sisi wenyewe, mimi na baba yako, mikono hii. Hakuna tofali lililopinda. Toka hapa hadi Kamina nionyeshe nyumba kama hii ya mtu asiye waziri wala askofu, nami nitanyamaza.

Mbele kuna barza. Si barza ya kuweka kiti kimoja na mwavuli. Inashika uso wote wa nyumba toka kona hadi kona, na wakati wa mavuno naanika mahindi upande mmoja na upande wa pili watu wanakaa. Sakafu ni simenti nyekundu, naisugua mwenyewe, unajiona meno. Unaingia saloni. Hapa simama kwanza. Unaona ilivyo pana? Fungua mlango, nani amesimama na kiti chake? Hakuna! Madirisha matatu, na dari juu kabisa, joto linapanda linatuacha.

Mkono wa kushoto ni upande wetu wazee. Chumba chetu, chumba cha wageni, na depo ya mahindi yenye sakafu iliyoinuliwa na wavu wa chuma, panya wanapita nje wanalia. Nyuma kabisa ni jiko, na jiko liko ndani ya nyumba, Ngoie, jiko la kisasa, lenye bomba la kutoa moshi. Baba yako ameinua pipa kwenye nguzo huko nje, nazungusha kitu kidogo ukutani na maji yanakuja. Wanawake wa kanisa walikuja kuona maji hayo, wakanywa munkoyo wangu wote. Jiko hilo linatazama mashamba. Hapo ndipo ninapopitia kila siku.

Sasa mkono wa kulia. Huko mimi mwenyewe naingia kufagia tu. Huko ni kwenu. Kuna saloni yenu ndogo, chumba chenu kikubwa kupita chetu, nilimwambia Kapenda apime chetu kisha aongeze, na vyumba viwili vya watoto. Kuna dushi yenu ya kuogea. Kuna choo chenu. Unajua maana ya choo hicho? Mukendi hatakutana nami njiani na kopo mkononi mpaka kufa kwetu. Na mna mlango wenu wenyewe kwenye barza, upande jua linakochomoza. Kati ya upande wenu na wetu niliweka ukuta wa matofali mawili, asisikie hata nikikoroma.

Kapenda alilalamika sana. "Mama, milango mingi hivi, ni nyumba ao ni gare?"

"Ni gare. Lakini hii ni ya kuteremkia."

Hiyo ndiyo nyumba. Sasa njoo kwa mwuza samaki.

Yule mama alifika hapa na vikapu vyake, akapita njia ya mkato, kupitia mashamba. Akatokea jikoni. Nami kwa majivuno yangu nikamkaribisha, nikamwonyesha depo, nikamwonyesha maji, kisha nikamzungusha nje mpaka mlango wa Mukendi. Kwa mtu aliyeingia kwa jikoni, jikoni ndiyo mbele! Na mlango unaotazama gare na barabara na jua, kwake huo ndio nyuma! Akapanda treni yake, akafika kwenu, akamwambia Mukendi: mama mukwe yako amejenga nyumba kubwa, na weye amekutilia mulango ya nyuma, na ukuta katikati.

Na wewe mwanangu ukaniandikia maneno ya mumeo, nimeyasoma mpaka karatasi imelegea: "Mama, anasema mji wa Kolwezi aliutoka kwa mlango wa nyuma akikimbia. Hatarudi kuingia kwa mlango wa nyuma akialikwa."

Nilipiga meza, Ngoie. Kikombe cha baba yako kikaanguka. Miaka yote ile kwenye tanuru, mgongo wangu, macho yangu na moshi, kwa ajili ya mtu huyu asipate aibu, na yeye ananihesabu pamoja na wapiga sufuria! Mimi! Nililala juu yake kama kuku juu ya yai! Nikamwambia baba yako, haya, akae huko na kiburi chake, nitawapangisha walimu upande ule, na walimu watashukuru.

Baba yako alikuwa anaokota vipande vya kikombe. Akauliza polepole, "Na ukuta?"

"Ukuta ni heshima. Kila mtu anajua."

"Mi najua. Yeye, akiwa mbali kule, nani alimwambia ni heshima?"

Nilitoka nikaenda kusimama upande wenu, ndani ya chumba chenu kitupu, nikautazama ukuta ule kama mtu anayekaa upande ule. Ukuta mzuri, umenyooka. Lakini ukiwa huko hausemi chochote kuhusu mila. Unasema tu usipite hapa. Na yeye maneno hayo alikwisha kuambiwa, katika mji alimozaliwa.

Miaka yote nilidhani ana haya, nikajenga nyumba ya kutunza haya yake, kila kona nimeipima. Kumbe alipogeuza mgongo pale gare hakuwa na haya tu. Alikuwa na uchungu. Uchungu huo sikuupimia chumba. Sikuuliza hata mara moja. Nilileta bukari.

Lakini na yeye, kwa nini asiseme? Mdomo ulifungwa na nani? Hapo bado nina hasira, usifikiri zimekwisha. Angeniandikia mstari mmoja: mama, naumia. Ningejua. Mimi si mtu wa diploma, nilisoma kwa masista hadi darasa la tano, lakini mstari mmoja nausoma.

Jioni baba yako akaongeza la pili, maana akianza kusema mara moja kwa mwezi anamaliza yote. Ni habari ya yule kuku mweupe wa kusafishia mila iliyovunjwa, ambaye Mukendi anasema kila mwaka hajapata uwezo wa kumleta na mbuzi wake, naye anadaiwa kwa sababu alilala chini ya kitanda changu. Baba yako akasema, "Kuku ni ya aliyevunja mila. Mukendi aliingia mwenyewe chini ya kitanda, ao alivutwa shati?"

"Alivutwa. Na ningemvuta tena kesho."

"Basi kuku ni yako, mama."

Ndivyo ilivyo, Ngoie. Hakuna mtu huku wala kwenu anayeweza kulipinga. Kuku ninaye, mweupe bila doa, amefungwa mguu hapa nyuma ya jiko, na mbuzi nitamtoa mimi. Mwambie Mukendi asije na kitu. Akija na kitu nitagomba.

Kapenda nilimwita siku ya pili. Nikamwonyesha ukuta.

"Toboa hapa, uweke mlango."

"Mama! Ulisema matofali mawili, ulisema hata sauti isipite!"

"Nilisema. Sasa nasema toboa."

Alitoboa siku nzima akinung'unika, na mlango umekwisha kuwekwa, wa mbao ya mulombwa, mwekundu, mzuri kupita wa padri. Unafungua toka saloni kubwa kwenda upande wenu. Komeo liko upande wa Mukendi tu. Upande wangu hakuna hata msumari. Akitaka kuufunga siku zote, kwa mila au kwa uchungu, sitabisha. Akitaka watoto wapite wakimbilie jikoni kwangu, afungue. Baba yako ananicheka, ati sasa mama mukwe ndiye atakayepiga hodi katika nyumba yake. Nitapiga. Nimewahi kukaa jikoni Noeli nzima, kupiga hodi kutanishinda?

Na ule mwingine, ule wa barza, nani anauita wa nyuma? Ndio wa kwanza kumwona mtu anayetoka gare. Wageni wote wataingilia huko mbele na yeye atawapokea. Mimi nitapitia jikoni kama kila siku, na macho yangu chini, kama inavyotakiwa. Mila sikuitupa. Nimeisogeza tu kidogo.

Usiniandikie tena kwamba utakuja peke yako na watoto na yeye atabaki kulinda nyumba. Nyumba gani hiyo ya kupanga inayohitaji kulindwa na mtu mzima? Sikujenga nusu. Usipokuja naye, katika chumba kile kikubwa sitalaza mtu, na mimi sitakifagia tena. Nimechoka kufagia mahali ambapo hakuna miguu. Kila wiki nafagia, hakuna kitu cha kufagia, narudisha ufagio.

Na kama bado ana hasira nasi, na mji ule, na mimi, aje nazo. Asizimalize huko kwanza. Zina mahali pa kukaa. Akae nazo barzani siku tatu bila kusema, nitampitishia chakula, mikono tu, kama zamani. Ila awe hapa. Mimi nazeeka, Ngoie. Yule Mukendi nilimshika chini ya mwili wangu akipumua, na sijui hata kama nywele zake zimeota mvi.

Mbuzi yuko, mahindi yako, baba yako amekwisha kwenda kuomba benchi kwa mashemasi. Wanawake wa kanisa watakuja na ngoma zao. Nimewaambia watu wa Lubudi wote, kwa hiyo msinitie aibu. Treni ikichelewa, na itachelewa, hatutakata nyama mpaka mshuke.

Kwaheri, mwanangu. Aliyeandika ni mama yako, mama mukwe wa Mukendi, majina ya mjukuu wake.

Njooni wote, siku ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane, baada ya misa.